Tuwafunze wanafunzi kusoma bahasha kabla ya barua

Jioni moja ya muhula uliopita nilikuwa nimeketi mezani pangu nikisahihisha insha za Kidato cha Tatu. Swali lilikuwa la barua rasmi, na kama ilivyo ada, nilikuwa nikiwakata alama wale waliosahau anwani ya mwandikiwa, wale walioandika mtajo bila kuupigia mstari, na wale waliotia sahihi bila kutaja cheo. Nilipokuwa katikati ya kazi hiyo rununu yangu ililia. Ilikuwa baruapepe. Ilikuwa na mtajo wa herufi kubwa, ilikuwa na mwili wa aya tatu zilizopangika barabara, na chini kabisa ilikuwa na sahihi ya "Idara ya Usalama wa Akaunti". Lau ingekuwa insha ya mwanafunzi wangu, ningeipa alama kumi na nane kwa ishirini.

Barua hiyo ilinieleza kwamba mtu asiyejulikana alikuwa amejaribu kuingia katika akaunti yangu kutoka nchi ya mbali, kwamba akaunti ingefungwa baada ya saa 24, na kwamba nilipaswa kubonyeza kitufe cha samawati kilichokuwa pale chini ili nithibitishe neno langu la siri. Kusema kweli, moyo ulinidunda. Katika akaunti ile mna alama za wanafunzi wa miaka sita, nakala za kitambulisho na vyeti nilivyotuma nilipoomba uhamisho, stakabadhi za chama cha akiba na mkopo, na picha za marehemu mama yangu ambazo sina kwingineko. Kidole kilikuwa kimekwisha kukielekea kitufe. Kilichonizuia si werevu, bali ni kumbukumbu ya yaliyomfika mwenzangu.

Mwenzangu huyo, ambaye sitamtaja kwa jina, ni mwalimu wa miaka mingi na mtu wa heshima zake. Mwaka jana alipokea barua ya aina hiyo hiyo. Alibonyeza. Ukurasa uliofunguka ulifanana na ule aliouzoea kama shilingi kwa ya pili. Akaandika neno lake la siri, akashukuriwa, naye akarudi darasani akiamini kwamba ameokoka. Kabla ya jua kutua, walimu wengi na wazazi kadhaa walikuwa wamepokea ujumbe kutoka kwake, ati amelazwa hospitalini na anahitaji mkopo wa dharura utumwe kwa nambari fulani. Wawili walituma. Mmoja wao alikuwa mama mjane aliyeiweka fedha hiyo kwa ajili ya karo. Mwenzetu aliilipa kutoka kwa mshahara wake, miezi mitatu mfululizo, wala hakupiga ripoti popote. Aliona haya. Hadi leo ukimgusia jambo hilo huinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyeiba.

Basi niliiweka chini kalamu nyekundu nikaazimia kumsaka mtumaji wa barua yangu. Nilimpigia simu kijana mmoja niliyemfunza zamani, ambaye sasa ni fundi wa mitambo ya tarakilishi. Aliponisikiliza hadi mwisho, alisema, "Mwalimu, usilisome jina lililo juu. Hilo amejiandikia mwenyewe. Tazama bahasha."

Sikuwa nikijua kwamba baruapepe ina bahasha. Kumbe inayo. Kama ilivyo barua ya posta, ndani mna karatasi yenye jina la mwandishi, na nje pana bahasha yenye maagizo ya kuifikisha. Na karani wa posta huisoma bahasha bila kuisoma karatasi. Kanuni zinazofuatwa na mitambo ya dunia nzima katika kupokezana barua hizi ziliandikwa mwaka 1982 na Jonathan Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, zama ambazo mtandao ulikuwa wa vyuo na vituo vya utafiti. Watumiaji walikuwa wachache, na hapakuwa na aliyeona haja ya kumdai mtumaji kitambulisho. Kanuni hizo zimerekebishwa tangu hapo, lakini msingi wake umebaki ule ule: mtu aweza kuandika jina lolote alitakalo katika sehemu ya mtumaji, kama vile mwanafunzi mtoro awezavyo kujiandikia barua ya ruhusa na kuitia sahihi ya babake.

Katika programu nyingi za baruapepe pana mahali pa kubonyeza ili uone ujumbe katika hali yake ya asili. Nilipobonyeza, maandishi yalimiminika kama siafu. Kijana alinielekeza kwenye mistari inayoanza na neno la Kiingereza "Received". Kila seva inayoipokea barua hugonga muhuri wake juu ya muhuri uliotangulia. Kwa hiyo mwenye kuitafuta asili husoma kutoka chini kwenda juu. Lakini hapo ndipo penye mtego. Mihuri ya chini huenda ikawa imeghushiwa na mtumaji mwenyewe kabla hajaituma barua. Muhuri wa kutegemewa ni ule uliogongwa na posta yako wewe, yaani seva ya kampuni inayokutunzia barua, kwa kuwa seva hiyo ndiyo iliyokutana ana kwa ana na mtambo ulioileta barua mlangoni.

Nami, kama wanafunzi wote wenye pupa, nilikurupuka na jibu. Niliona saa ya kutumwa kwa barua imeandikwa pamoja na alama ya +0300, nikasema, huyu ni wa hapa hapa kwetu! Kijana akacheka kwa adabu. Saa ya Nairobi ndiyo saa ya Kampala na Dar es Salaam, na ndiyo saa ya Moscow, Istanbul na Riyadh vilevile. Isitoshe, saa hiyo huandikwa na tarakilishi ya mtumaji, na mwenye tarakilishi aweza kuiweka apendavyo.

Tukaendelea. Muhuri wa kuaminika ulikuwa na nambari ya mtambo, ile iitwayo anwani ya IP. Nambari hizi hugawiwa na mashirika matano duniani. La Afrika ni AFRINIC, lenye makao yake nchini Mauritius. Madaftari yake yako wazi kwa yeyote. Hata hivyo, daftari hukutajia kampuni iliyokabidhiwa nambari, halikutajii mtu aliyeketi mbele ya kibodi. Nambari yetu ilikuwa ya kampuni kubwa inayokodisha huduma za barua kwa wateja wasiohesabika. Ni sawa na kujua kwamba mwizi wako alisafiri kwa matatu.

Palisalia mstari wa ukaguzi. Baadaye mafundi walibuni mitihani mitatu ya kuziba pengo lililoachwa mwaka 1982. Wa kwanza, SPF, huuliza kama mtambo ulioileta barua umo katika orodha ya mitambo iliyoruhusiwa na mwenye jina lile linalofuata alama ya @. Wa pili, DKIM, hukagua lakiri ya kidijitali iliyobandikwa kwenye barua ili kujua kama imeguswa njiani. Wa tatu, DMARC, huhakikisha kwamba jina aonalo msomaji ndilo lililofaulu katika mitihani hiyo, na humwambia mpokeaji afanye nini iwapo sivyo. Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zimewataka wanaotuma barua kwa wingi kuitimiza yote mitatu.

Je, barua yangu ilianguka katika upi? Haikuanguka katika wowote. Ilifaulu yote! Nilipigwa na butwaa. Kijana akanieleza jambo ambalo naliona kuwa kiini cha makala haya: mitihani hiyo huthibitisha kwamba barua imetoka kweli katika nyumba iliyotajwa, haithibitishi kwamba mwenye nyumba ni mwaminifu. Rununu yangu ilikuwa imenionyesha jina tu, "Idara ya Usalama wa Akaunti", na kuificha anwani yenyewe. Tulipoifichua anwani, haikuwa ya kampuni inayotunza barua zangu hata kidogo. Ilikuwa ya shule ndogo ya msingi katika nchi ya mbali. Nacho kitufe cha samawati kilielekea mahali pengine kabisa, penye jina lililosajiliwa siku nne tu kabla, na mwenye kulisajili amejificha nyuma ya kampuni ya usajili.

Niliitafuta tovuti ya shule ile kwa njia yangu mwenyewe, nikawaandikia kupitia anwani niliyoikuta humo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Mwandishi alikuwa mwalimu. Alisema kwamba akaunti yake ilikuwa imevamiwa, kwamba mimi nilikuwa mtu wa kwanza kumwarifu, na kwamba wiki chache nyuma alikuwa amepokea barua ya onyo la usalama, akabonyeza. Akaniomba radhi mara tatu. Mimi niliyekuwa nimejifunga kibwebwe kumnasa mwizi, nilimkuta mwisho wa njia mwalimu mwenzangu aliyeibiwa, mwenye haya ile ile niliyoiona katika majilisi yetu.

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Naheshimu hekima yao, lakini mwongo wa siku hizi ameirefusha njia yake kwa kuwakanyaga watu wengine. Anayeiba kwako huja amevaa nguo alizoiba kwa jirani.

Kuna wakati, ndiyo, ambapo msako humfikia mwenyewe. Tarehe 19 Machi, 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton aliyekuwa akiwania urais wa Marekani, alipokea baruapepe iliyojidai kutoka Google. Ilimwambia kwamba mtu aliye Ukraine ametumia neno lake la siri, na kwamba alibadilishe mara moja. Watu wake hawakubonyeza kwa pupa. Waliwauliza mafundi wa kampeni, jambo ambalo sote tungelisifu. Fundi mmoja akajibu kwamba barua ile ni halali. Baadaye alieleza kwamba alikusudia kuandika kinyume cha neno hilo. Katika jibu lake alikuwa ametia kiungo sahihi cha Google, lakini kilichobonyezwa kikawa kile cha walaghai. Barua zaidi ya 50,000 ziliibwa, na tarehe 7 Oktoba mwaka huo, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, WikiLeaks ikaanza kuzianika hadharani.

Mtumaji alijulikanaje? Si kwa jina aliloliandika juu. Wadukuzi walikuwa wametumia huduma ya Bitly kufupisha viungo vyao, wakasahau kuifanya akaunti yao ya huko kuwa ya faragha. Watafiti wa kampuni ya SecureWorks wakaviona humo maelfu ya viungo vilivyotengenezewa watu mbalimbali. Tarehe 13 Julai, 2018, maafisa 12 wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi walifunguliwa mashtaka nchini Marekani, wakatajwa kwa majina na vyeo, pamoja na nambari za vikosi vyao. Urusi ilikana. Tukumbuke basi kwamba kazi hiyo ilichukua miaka miwili na zaidi, ikafanywa na taifa lenye nguvu kuliko yote, ikasaidiwa na uzembe wa wadukuzi wenyewe, na bado kuwataja watu si kuwafikisha kizimbani. Seuze mwalimu wa sekondari na rununu yake!

Nasema haya yote si kwa nia ya kumvunja moyo anayetaka kujua barua imetoka wapi. Nimejifunza mengi katika jioni ile moja kuliko katika semina kadhaa. Ninalolisema ni kwamba swali "ni nani huyu?" ni swali la polisi, ilhali swali letu sisi raia ni "je, niufuate mlango huu alionifungulia?" Swali hili la pili lina jibu jepesi, nalo ni moja kila siku: la. Ukiambiwa kwamba akaunti yako imo hatarini, usipite katika kitufe ulicholetewa. Funga barua, andika mwenyewe anwani uijuayo, ingia kwa mlango wako wa kila siku. Kama kweli kuna hatari, utaikuta ikikungoja humo. Kama hakuna, hujapoteza kitu ila dakika mbili.

Lakini je, lawama zote ni za msomaji? Hapana. Miezi michache iliyopita taasisi moja ya fedha ninayohudumiwa nayo ilinitumia barua kutoka anwani nisiyowahi kuiona, ikinitaka nibonyeze kitufe ili nihakikishe maelezo yangu kabla ya tarehe fulani, la sivyo huduma zingesitishwa. Niliifuta kwa fahari. Huduma zikasitishwa kweli. Kumbe ilikuwa barua halali iliyotumwa kwa niaba yao na kampuni waliyoikodi. Nilipolalamika, karani aliniambia kwamba nilipaswa kuwa makini na barua zangu. Makini gani zaidi ya hiyo? Taasisi inayowaandikia wateja wake kwa sauti ya tapeli, kwa haraka ya tapeli na kwa vitufe vya tapeli, inawafunza wateja hao kumtii tapeli siku atakapofika. Wakubwa wetu waache mtindo huo. Waandike kutoka anwani moja inayojulikana, na wamwambie mteja aingie kwa mlango wake mwenyewe.

Nawageukia sasa walimu wenzangu. Tunawafunza watoto kuandika baruapepe. Imo katika orodha ya insha za kiuamilifu, na tunaitahini. Tunawafunza waweke anwani ya mtumaji, anwani ya mtumiwa, mada na tarehe. Hatujawahi kuwafunza wazitilie shaka. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, pamoja na fikra za kina. Mahali hapa ndipo viwili hivyo vinapokutana, tena katika somo la Kiswahili, si lazima tusubiri mwalimu wa tarakilishi.

Najua watakaosema kwamba hayo ni ya shule za mijini, kwamba mtoto wa kijijini hana hata tarakilishi ya kugusa. Nawajibu kwamba mama wa mtoto huyo ana simu, na simu hiyo imekwisha kupokea ule ujumbe wetu mashuhuri wa "ile pesa tuma kwa namba hii". Ujuzi ni mmoja. Wala hauhitaji umeme. Mwalimu aweza kuingia darasani na bahasha mbili za kawaida zenye mihuri ya posta, moja ya kweli na moja ya kughushi, akawauliza wanafunzi barua imepita wapi, muhuri upi umegongwa na mtu asiye na faida katika uongo, na kwa nini mwandishi ana haraka hivyo. Haraka ndiyo alama ya kwanza. Barua inayokupa saa 24 haikupi muda; inakunyang'anya muda wa kuuliza.

La mwisho ni hili la haya. Sheria yetu ya matumizi mabaya ya tarakilishi na uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 30, iliufanya utumaji wa barua kama hizi kuwa kosa, adhabu yake faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mamlaka ya Mawasiliano ina kituo cha kitaifa cha kupokea taarifa za mashambulizi ya mtandaoni, na Idara ya Upelelezi wa Jinai ina wataalamu wake. Lakini sheria haiwezi kumwona asiyelia. Mficha uchi hazai. Lau mwenzangu angepaza sauti saa ile ile alipogundua, yule mama mjane asingetuma karo ya mwanawe. Lau mwalimu wa ile shule ya mbali angepata mtu wa kumwambia bila kuchekwa, barua yangu isingeandikwa. Tapeli hutegemea vitu viwili: hofu yetu kabla ya kubonyeza, na haya yetu baada ya kubonyeza. Hofu ni vigumu kuiondoa katika moyo wa mtu. Haya twaweza kuiondoa leo, katika majilisi zetu, kwa kuacha kumcheka aliyepatikana.

Asubuhi iliyofuata niliwarudishia Kidato cha Tatu insha zao. Kabla ya kuyapitia makosa ya mtajo na sahihi, niliandika swali moja ubaoni: umejuaje kwamba barua hii imetoka kwa huyo aliyeitia sahihi? Darasa lilinyamaza kwa muda. Mmoja akataja mhuri, mwingine akataja mwandiko, nami nikawaonyesha jinsi kila kimoja kinavyoghushiwa. Kisha binti mmoja anayeketi nyuma, ambaye si mwepesi wa kusema, akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "si tumpigie simu tumwulize?"

Nilimpa alama zote ishirini.